Skrini Sawa za Sielhusen

Mji wa Sielhusen una furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba kompyuta zote thelathini na moja za ofisi zake sasa zinatumia mfumo endeshi wa Linux, na kwamba kiendeshi cha kadi zake za picha kitachaguliwa kidemokrasia, jambo ambalo halijapata kutokea katika pwani yote ya Ujerumani.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni pa ofisi za mji Jumatatu. Fenna Harms, fundi pekee wa kompyuta hapo, alilisoma mwavuli ukiwa bado mkononi, kichwa kikaanza kumgonga papo hapo. Kiendeshi ni programu ndogo tu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi ya picha. Viko viwili: kimoja huria, kilichoandikwa na watu wa kujitolea, na kimoja cha kiwandani, chenye kasi zaidi lakini kimefungwa, hakuna ajuaye kilichomo ndani. Chochote kingefaa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi kwa kila mashine. Na Fenna alikuwa na haraka, maana Ijumaa saa saba mchana, maji yakijaa, kivuko kingeondoka kwenda kisiwa cha Wangerooge, na Jumamosi mdogo wake alikuwa anaolewa huko. Likizo alipewa kwa sharti moja: skrini zote zithibitishwe kuwa sawa.

Kamati ya kuchagua kiendeshi ikakaa Jumanne, ikakaa tena Jumatano. Wajumbe walikunywa chai kwa utaratibu wa huko, vikombe vitatu kila mtu, sukari ya mawe chini, krimu juu, marufuku kukoroga. Chama cha wanamazingira kiling'ang'ania kiendeshi huria. Chama cha wafanyabiashara kiling'ang'ania cha kiwandani. Ndipo Meya Eilert Poppinga, aliyeongoza serikali ya mseto ya vyama hivyo miaka kumi na miwili bila kumkera mtu, akasimama.

"Tuweke vyote viwili," alisema.

Makofi yakapigwa.

"Bwana Meya, haviwezi kukaa pamoja," Fenna alisema. "Kadi ni moja. Vitaigombania, mwishowe hamtaona kitu."

"Bibi Harms, hata sisi tuliambiwa hatutaweza kukaa pamoja."

"Na tangu mkae pamoja mmefanya nini?" aliuliza Okko, bawabu, aliyekuwa akipita na birika. Swali hilo halikuingizwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Alhamisi Fenna akatii. Kompyuta thelathini na moja zikawaka, zikafikiri kidogo, zikawa nyeusi tii.

"Niruhusu niondoe kimoja," alimsihi Meya. "Chochote!"

"Ukiondoa kimoja umevunja serikali."

"Kivuko kitaniacha, Bwana Meya. Ni harusi ya mdogo wangu, na sina mdogo mwingine."

Meya alimwonea huruma kwa dhati, akamkaribisha chai.

Ijumaa asubuhi mwandishi wa gazeti akapiga simu kuuliza kama ni kweli ofisi zimekuwa giza. Kamati ikakutana upesi, vikombe viwili tu, ikatoa hati. Skrini zote ziko sawa. Nyeusi ni rangi isiyopendelea chama chochote, tena inaokoa umeme. Na kwa kuwa kazi imekamilika, kamati imevunjwa rasmi. Meya akatia sahihi na muhuri.

Fenna aliisoma hati hiyo mara mbili. Kisha akaomba nakala, akaenda kuchukua sanduku lake.

Saa saba kasoro dakika tatu Meya alifika gatini kwa baiskeli, tai yake imerukia begani.

"Bibi Harms! Shuka, tafadhali! Waziri anakuja Jumatatu kuziona skrini!"

"Atazifurahia. Ziko sawa." Fenna aliipunga nakala kutoka juu ya kivuko. "Hii si sahihi yako?"

"Acha mzaha, dada yangu! Sioni hata hotuba yangu mwenyewe! Niambie nifanye nini!"

"Ondoa kimoja."

"Kipi?"

"Aa, hilo ni la kamati."

"Kamati tumeivunja asubuhi!"

Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa. Fenna aliikunjua tena ile nakala, akaitazama kwa makini mpaka chini kwenye muhuri.

"Ndiyo, naona," alisema. "Nayo umeitilia sahihi."