Inspekta wa Mdalasini

Mthunzi Khuzwayo hakuwa na kazi. Hakuwa na kibanda wala kibali cha kuuza kitu, hakuwa na gari, hakuwa na baba wala ndugu wa baba wa kumtuma kwa wakwe, na hakuwa na jino moja la mbele, alilolipoteza katika mabishano kuhusu saa ya mkononi iliyogoma kabla mnunuzi hajavuka barabara. Alichokuwa nacho ni ulimi, koti jeusi la ngozi lililomkaa kama alizaliwa nalo, na mapenzi ya Nomcebo Cele, mshonaji wa sare za shule kule Umlazi, kitongoji cha Durban.

Na hayo mapenzi yalikuwa na masharti.

"Ndugu zangu wanakaa kikao Pasaka," Nomcebo alimwambia. "Barua ya posa ikifika, baba mkubwa atauliza swali moja tu: huyu kijana anauza nini?"

"Mwambie ni mfanyabiashara."

"Atauliza wa nini."

"Wa mambo mbalimbali."

"Mthunzi, wezi wote wa Durban ni wafanyabiashara wa mambo mbalimbali. Tafuta kitu kimoja chenye jina. Mimi baba mkubwa simdanganyi. Usipokuwa nacho hadi Pasaka, usilete barua."

Huyo baba mkubwa Mthunzi hakuwahi kumwona. Mchumba hasogelei nyumba ya wakwe kabla barua haijafika, na Mthunzi, ambaye sheria nyingi alizivuka kama anavuka kijito, hii aliiheshimu. Alimjua kwa kusikia tu: mzee wa kanisa, mkali, asiyecheka.

Bahati ilimjia kupitia mfuko wa suruali.

Mthunzi alikuwa akivuta sigara ya mvuke, kwa sababu aligundua zamani kwamba mtu anayezungumza ndani ya wingu huaminiwa zaidi. Ilikuwa na kitangi cha plastiki cha kutilia maji ya ladha. Siku ya kuzaliwa kwake, Nomcebo alimletea kichupa cha maji hayo kilichofungwa kwa karatasi ya kaki, ladha ya mdalasini. Alikijaza kitangi, akakitia mfukoni, akaenda mjini. Kufika adhuhuri plastiki ilikuwa imefunga ukungu kama jicho la mbwa mzee. Baadaye kidogo ikapata nyufa kama utando wa buibui, na suruali yake yote ikanukia keki.

Mtu mwingine angelaani. Mthunzi alikaa kitako kufanya utafiti. Aliokota vitangi vikuukuu kwa rafiki zake, akavitia ladha moja moja na kuvipanga dirishani. Cha vanila kilikaa salama. Cha maziwa, salama. Cha mdalasini kilipasuka, cha limau kikapasuka, cha kola kikatoa ukungu kisha nacho kikapasuka. Cha kioo alikitia mdalasini hadi shingoni, kikamtazama tu. Kumbe ladha nyingine zina makali yanayoila plastiki, na wavutaji wengi hawana habari. Mthunzi aliziona zile nyufa, na ndani yake akaona duka zima likimjia bure.

Aliazima kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa, akakivaa juu ya koti lake la ngozi, na kushika ubao wenye karatasi. Mtu akivaa hivyo, Durban nzima humfungulia mlango. Akaenda mtaa wa Grey, kwenye duka lenye kibao cha Naidoo.

Naidoo mwenyewe alikwisha kuhamia kwa mwanawe. Aliyemrithi alikuwa mzee mfupi Mzulu ambaye hakuona sababu ya kugharimia kibao kipya. Wateja wakamwita Naidoo, naye akaitika. Mthunzi alimkuta nyuma ya kaunta akila bani, ule mkate unaochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage.

"Habari za kazi, baba. Inspekta Mkhize, kutoka Viwango."

"Khabazela," mzee alisema kwa heshima, akitaja sifa ya ukoo wa Mkhize, kisha akangoja. Mkhize yeyote angepokea hapo na kuendeleza hadi kwa mababu.

"Ndiye mimi," alisema Mthunzi.

Mzee alimtazama, akamega mkate. "Mkhize wa wapi?"

"Wa ofisini."

"Ahaa. Wa ofisini siwajui sana."

Hapo ndipo Mthunzi alipofanya kosa ambalo mtoto wa Kizulu wa miaka mitano hafanyi: hakumuuliza mzee naye ni wa ukoo gani. Mtu mwenye jina la kuazima hapendi mazungumzo ya majina.

Alionyesha rafu. "Vitangi hivi vya plastiki, baba, tumepata malalamiko. Vya bandia vimejaa mjini. Nitapima kimoja." Akatoa kichupa kisicho na maandishi. "Dawa ya serikali. Halisi haiogopi. Bandia inajisema yenyewe."

"Inanukia mdalasini, hiyo serikali."

"Tumeitia harufu, isiwasumbue wananchi."

"Mmefanya vyema."

Alijaza kitangi, akakikaza kwa nguvu, akakiweka juu ya kaunta. Mzee aliendelea kula. Walizungumza juu ya mvua na juu ya vijana wa siku hizi, ambao wote wawili waliona hawana adabu. Mchuzi ulipofika chini ya mkate, kitangi kilisema *ti*, na tone la kahawia likatambaa juu ya kaunta.

"Mungu wangu," alisema mzee kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Bandia."

"Pole, baba."

"Sasa nitafungwa?"

"Sheria ni kali, lakini ina moyo. Mimi naweza kuvichukua kimyakimya nikaviteketeze, na jina lako lisiingie popote."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata vya stoo?"

Mthunzi alimeza mate. "Kuna vya stoo?"

"Na vya darini. Nisije nikabaki na dhambi nusu."

Mthunzi alihisi kwamba Mungu anampenda yeye binafsi. Mzee akashusha maboksi, yote yamefungwa vizuri kwa utepe wa buluu, akayapanga mlangoni. Kisha akasita.

"Tatizo ni mke wangu. Atakuta rafu tupu. Nikimwambia inspekta amechukua, atasema nimekunywa. Niachie kitu, Khabazela, cha kuonyesha kwamba serikali ilipita."

"Kitu gani, baba?"

"Hilo koti lina sura ya serikali."

Mthunzi alilitazama koti. Akayatazama maboksi. Koti ni moja, alijiambia. Duka ni duka. Alivua. Mzee alimsaidia hata kupakia kwenye mkokoteni aliokuja nao, huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Mtu mwangalifu angejiuliza kwa nini mtu anayeporwa anapiga mluzi. Lakini Mthunzi alikuwa anapiga hesabu za harusi.

Jumamosi alipanga vitangi ufukweni, wanakopita vijana wanaoshindana kutoa mawingu.

"Plastiki?" mmoja aliuliza, akikigeuza kitangi kama mtu aliyeokota meno ya bandia. "Braza, bibi yangu alikuwa nacho."

"Hiki ni chepesi. Hakivunjiki kikianguka."

"Hakingoji kuanguka. Sisi tunavuta limau na kola. Kioo, braza. Mji mzima uko kwenye kioo siku nyingi."

Mthunzi alikuwa amefanya utafiti juu ya ladha zote isipokuwa ladha za wateja. Wachache waliomhurumia walinunua, wakajaza kola, na kabla jua halijashuka walirudi na mifuko iliyolowa. Ilibidi akimbie akisukuma mkokoteni, jambo ambalo halina heshima hata kwa tapeli.

Maboksi yakajaza chumba chake hadi kitandani. Nomcebo alipomtembelea alimkuta amekaa juu ya mali yake kama kuku asiye na uhakika na mayai.

"Nimepata biashara," alisema Mthunzi. "Yenye jina."

Nomcebo alikuwa ameshika kipande cha utepe wa buluu uliofunga boksi, anaupitisha kati ya vidole. "Huu utepe ni wa mapindo ya sketi za shule," alisema. "Mabaki yake nampa mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Koti lako liko wapi?"

"Nomcebo, huo utepe unampa nani?"

"Mtu wa duka la Naidoo." Alikaa juu ya boksi lingine, mabega yakianza kutikisika kwa kicheko. "Baba mkubwa. Jumapili alikuja kanisani na koti jeusi la ngozi, mikono imemfunika vidole. Nikajua nimewahi kuliona. Akatuambia habari za inspekta mmoja wa ukoo wa Mkhize asiyejua kuitikia Khabazela. Mke wake alicheka mpaka mchungaji akasimama."

Mthunzi alishika kichwa. "Alinijua?"

"Ana picha yako tangu mwaka jana. Wewe ndiye huruhusiwi kumwona. Yeye nani amemkataza? Na ule mdalasini, nilimuuliza nikununulie ladha gani. Akasema, mpe mdalasini, tuone mwerevu anafanya nini na tundu la mfukoni." Alijifuta macho. "Hivyo vitangi vilimshinda tangu watu wahamie kwenye kioo. Alikuwa anatafuta wa kumlipa avitupe."

"Basi nimekwisha," alisema Mthunzi, na safari hii hakukuwa na wingu la kujifichia. "Posa imeharibika."

"Sijui. Alisema hajaona mtu anayedanganya kwa adabu namna ile. Akasema pia: sasa ana mzigo, tuone atauuzaje." Nomcebo alisimama. "Swali lake liko palepale. Unauza nini?"

Mthunzi alilala na swali hilo juu ya maboksi. Asubuhi alichukua ubao wake wa ukaguzi, akaandika kwa herufi kubwa: *Plastiki. Vanila, maziwa, tumbaku: sawa. Mdalasini, limau, kola: vitapasuka mfukoni.* Akaenda nao, si kwa vijana wa mawingu, bali kwenye geti la kiwanda cha biskuti, kwa wazee wanaoacha sigara na wanaotaka ladha ya tumbaku na kitu cha bei ndogo kisichovunjika kikianguka.

Mzee mmoja alisoma ubao mara mbili. "Unaniambia kitapasuka?"

"Ukitia mdalasini, baba."

"Hakuna aliyewahi kuniambia kitu kama hicho kabla ya kuchukua pesa yangu." Akanunua, akaita wenzake. Mthunzi alirudi nyumbani akiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akifanya jema.

Siku chache kabla ya Pasaka alikwenda kwa Mzee Dlomo, mkalimani mstaafu wa mahakama, ambaye hukodishwa kuwa baba mdogo wa wasio na baba mdogo. Dlomo alivaa tai, akatandaza karatasi.

"Kwa ukoo wa Cele, akina Ndosi," alisema akiandika, akianza na sifa ya ukoo kama ipasavyo. "Tumeona ua katika boma lenu. Kijana wetu ni Khuzwayo. Anauza nini? Niandike mfanyabiashara wa kimataifa? Wengi huchagua hiyo."

"Andika anauza vitangi vya plastiki."

"Vizuri."

"Andika vinapasuka ukitia mdalasini. Na kwamba huwaambia watu."

Dlomo aliinua kalamu. "Nimeandika barua nyingi za posa, mwanangu. Hii ni ya kwanza inayojishitaki."

"Tusipoandika, atajua tu. Na weka chini: koti abaki nalo."

Dlomo akaandika, akakunja. Kando ya chupa ya brandi ya kufungulia vinywa vya wakwe, Mthunzi aliweka kitangi kimoja kipya kilichojaa, kimezungushiwa utepe wa buluu. Dlomo alikiinua kwenye mwanga.

"Umetia nini humu?"

"Vanila."

Dlomo alikinusa kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama mashahidi. Aliporidhika, alilamba bahasha, akaibana kwa ngumi, akampa, pamoja na brandi na kitangi, jirani yake, mshenga wa siku hiyo, aliyekuwa anangoja mlangoni amevaa suti ya kuazima, na barua ikashuka ngazi kuelekea mtaa wa Grey.