Salongo ya Docta Prodige

Jumatatu, 6 Mei

Nimeumbuka! Profesa Télesphore, anayesimamia kazi yangu ya kumaliza masomo, amesoma matokeo yangu mbele ya watu. Swali langu lilikuwa rahisi: wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga na maabara wanaonaje kufanya kazi pamoja? Jibu: hawataki hata kuonana. Wenzangu wa udaktari wameandika kwamba kazi ya muuguzi ni kushika sinia. Wauguzi wameandika mambo ambayo siwezi kuyanakili hapa.

Profesa amesema niwape zoezi moja la pamoja, kisha niwapime tena. Wasipobadilika, narudia mwaka. Kurudia! Na mama kule Mugunga ameshawaambia wamama wa kanisa wamwite Mama Docta. Kitambaa cha sherehe kimeshashonwa.

Tena nimepewa mwenzangu wa kufanya naye kazi: Jeanine, wa uuguzi. Jina lake liwe kwenye jalada pamoja na langu. Nimeitikia vizuri kabisa. Nyumbani nimeliweka kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya Mungu na mwenye nyumba.

Jumatano, 8 Mei

Jeanine ana wazo: salongo, kazi ya mikono ya watu wote pamoja. Jumamosi sote tuondoe mawe ya volkano kwenye kiwanja cha wodi ya wazazi pale kliniki, maana wajawazito wanajikwaa. Nimemwambia wazo ni dogo mno kwa chuo kikuu.

Mchana nimelipeleka kwa Profesa kama langu. Amelisifu sana. Nikageuka, nani amesimama mlangoni? Jeanine. Aibu hiyo! Nikajitia kikohozi mpaka Profesa akaomba niletewe maji. Aliyeyaleta ni Jeanine. Niliyanywa nikitazama sakafu.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango uko tayari. Uuguzi watabeba mawe, maabara watachimba, wakunga watafagia. Udaktari tutasimamia. Jeanine ameuliza basi "pamoja" iko wapi. Nimemjibu ni mambo ya utafiti. Ameliandika jibu langu daftarini, na ndicho kinachoniudhi kwake.

Nimemwambia binamu yangu Useni, mwenye pikipiki, anipigie simu kazi ikipamba moto. Mikono ya daktari haibebi mawe. Koti jeupe nimelipiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 11 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipanda juu ya jiwe kubwa, kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, nikaanza kuamuru. Mwanzoni walitii. Kisha wenzangu wa udaktari wakaanza kuona haya, mmoja mmoja, wakachukua makoleo. Nikawaita warudi. Nani alisikia! Simu ikalia. Nikapaza sauti: operesheni ya haraka! Nikakimbia huku koti likipepea.

Nilikimbilia nyuma ya ukuta, kwa mama anayeuza mikate ya mafuta. Sikufikiria jambo moja: mawe yanatupwa wapi? Hapohapo! Ikatokea chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, imejaa mawe, inasukumwa na udaktari, uuguzi, ukunga na maabara, bega kwa bega, wakihema. Wakanikuta nimekaa kwenye ndoo, mashavu yamejaa.

Waridi wa ukunga akauliza, kwa heshima zote: "Docta, mugonjwa wa operesheni njo ule mukate?"

Walicheka mpaka chukudu ikapinduka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hapa Goma, chini ya volkano, si vizuri kutamani hivyo, lakini nilitamani.

Jumatatu, 13 Mei

Nimewapima tena. Matokeo yamepanda ajabu! Nilivimba kichwa kwa dakika chache.

Profesa, mbele ya wote, akauliza ni nini kimewaunganisha hivi. Watu wakatazama viatu vyao. Mwishowe Olivier wa maabara akasimama, akasema kwa upole kwamba ni mimi. Kwamba hawajawahi kukubaliana jambo lolote mpaka walipokubaliana juu yangu. Sasa wanakula pamoja kila siku ili kuigiza kisa kile: mtu wa udaktari anapanda jiwe, muuguzi anajaza mashavu, wakunga wanaamua nani ameweza zaidi.

Profesa alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Uso uliniwaka. Kazi imepita, amesema, ila wazo la salongo analijua ni la nani, na jina la Jeanine litangulie.

Tukitoka, Jeanine akaniambia polepole: "Tutaandika wote wawili, Prodige. Miye sina shida." Kama angenitukana ningepata nafuu. Nimeona aibu mpaka kwenye kucha za miguu, na hapa naandika ukweli: ilinistahili.

Jumanne, 14 Mei

Nimeamka na akili safi. Kama mimi ndiye niliyewaunganisha, basi mimi ndiyo dawa yenyewe! Kwa nini iishie Goma? Nitamwomba Profesa anitume Kibati, kisha Bunagana. Nitahitaji jiwe kubwa zaidi na filimbi.

Nimempigia Jeanine kumweleza. Akauliza kama kwenye utafiti huo mpya jina lake litakuwepo. Nimemjibu bila shaka! Mimi si mtu wa kusahau wema. Nimeshaandika ukurasa wa shukrani, na safari hii nimempandisha: anakuja kabla ya mwenye nyumba.