Ndama Mwenye Nundu Iliyolala

Jumatatu, 6 Machi
Eeh, nilifika wapi kabla mpishi hajaja kuazima ndoo? Ndiyo, ndama. Huyu ndama wa ngamia wa sarakasi yetu nundu yake haisimami. Imelala ubavuni kama kofia ya mlevi. Ngamia wenzake wanamkwepa, watazamaji wanamtupia maganda. Mamaake tu ndiye anamfunika kwa shingo. Leo bosi kasema Jumamosi ndiyo mwisho: wakimcheka tena, anakwenda kwa mchinjaji. Nimelia mpaka nikalowesha kola niliyokwisha kuipiga pasi. Mimi ni dobi tu hapa, lakini akili ninazo. Nina mpango!

Jumanne, 7 Machi
Nimemshonea nundu ya sponji. Sponji ni ya mto wa fundi cherehani, lakini mto wenyewe ulikuwa unamuumiza shingo kila siku. Nimemsaidia. Ndama kaingia uwanjani kifua mbele. Mzuri! Mzunguko wa pili, nundu ikateleza, ikaning'inia tumboni. Watu hoi! Mmoja akapiga kelele eti dume limeshika mimba. Ndama kaganda katikati, hajui aende wapi. Mama mtu akavunja mstari, akaja kumkinga. Nikashindwa kutazama. Fundi akaniuliza mbele za watu kama na kichwa changu nimekijaza sponji. Wivu huo!

Alhamisi, 9 Machi
Nimegundua! Tatizo si nundu, ni uchafu. Nani atampenda mtoto ananuka vile? Nimemwogesha kwa sabuni ya nguo za maonyesho, nikamsuuza mara mbili, nikamalizia na marashi niliyobakiza tangu harusi yangu. Kang'aa! Nikampeleka kwa mamaake, nasubiri shukrani. Mama mtu kamnusa. Kamnusa tena. Kamgeuzia mgongo. Ndama kaenda kunyonya, teke. Karudi, teke. Mtunza ngamia kashika kichwa: "Dada, ngamia anamjua mwanawe kwa harufu! Umemfutia mtoto wake!" Nikamwambia asinikuzie mambo, harufu itarudi tu. Lakini kile kilio... Nimemlaza kwenye kibanda changu cha kufulia, juu ya blanketi kuukuu. Ananyonya pindo la gauni langu. Hakuna kitu humo, mwanangu.

Jumamosi, 11 Machi
Kaingia uwanjani peke yake. Akamfuata ngamia mmoja mmoja, ananusa, anasukumwa. Mamaake naye kasogea pembeni. Basi akalala chini kwenye vumbi la mbao. Hakuna aliyecheka! Nikamkimbilia bosi: si ulisema wakicheka? Mbona hawakucheka? Bosi kaniambia kuna mtoto pale mbele alikuwa analia, na watu hawalipi kiingilio waje kulia. Kesho lori linakuja. Nimempigia magoti. Kaniambia nimfulie joho lake.

Jumapili, 12 Machi
Wamemchukua. Alikuwa anatetemeka kwa hofu, jasho linamtiririka, marashi yote yameyeyuka. Walipompitisha mbele ya mamaake, mama kainua kichwa ghafla. Kamjua! Kavuta kamba mpaka pua ikatoka damu. Lori likaondoka. Mtunza ngamia kanipita kama gogo. Heri angenitukana. Fundi naye kanishika bega tu. Fundi huyohuyo!

Tangu lori liondoke asubuhi, mama mtu hali, hanywi. Kamba kaikata, kaja kibandani kwangu, kazamisha uso kwenye lile blanketi alilolalia mwanawe. Ananusa tu, macho kafumba. Roho yangu imenyong'onyea. Na blanketi lenyewe lilivyojaa mikojo! Nikasema maskini, ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho, angalau basi kiwe kisafi. Nimelichomoa taratibu, nimeliloweka kwa sabuni ileile, na marashi nimekung'utia humo mpaka tone la mwisho. Likikauka namrudishia. Atanipenda huyu! Safari hii hata mtunza ngamia ataku...

Haya, naitwa. Eti nikimbie, ngamia katumbukiza kichwa kwenye beseni langu la povu na hataki kukitoa.