Oili Niliyoongeza kwa Msumeno wa Shemeji

Leo nimeaibika. Tena ukweni, huku Katangi, mbele ya wageni!

Mti wa mgrevilea ulianguka ukaziba lango la baba mkwe. Na leo ndiyo siku wageni wanaleta mbuzi wa ntheo, wa kumchumbia dada mdogo wa mke wangu. Lango lazima lifunguke kabla wafike. Shemeji yangu Musyoka ana msumeno wa petroli, mimi nikatumwa oili ya kuchanganya na petroli.

"Lita tano, weka hii moja tu," muuza duka akasema, akinipa kichupa kidogo.

Moja tu? Muuza duka gani anakukataza kununua zaidi? Huyu ana njama. Nikachukua vitatu. (Mimi sidanganywi kirahisi.)

Nikampa Musyoka kimoja. Akaenda nyuma ya ghala na mtungi wa petroli, akarudi haraka mno.

"Umechanganya?"

"Nimechanganya, shemeji. Wacha wasiwasi."

Mtu akiniambia niwache wasiwasi, hapo ndipo unapoanza. Nikachungulia mtungi: petroli ina wekundu kidogo tu, kama chai ya aliyekosa maziwa. Oili yote imeenda wapi? Lazima amejiwekea! Alipoenda kunywa maji, nikamimina vile viwili chapchap. Nyingine ikanirukia. (Sikujali. Nilikuwa naokoa injini.)

Musyoka akajaza tangi, akavuta kamba. Msumeno ukakohoa, ukawaka, ukaanza kula mti. Halafu moshi! Moshi mzito, mweupe, boma lote likapotea. Wakati huohuo wageni wakafika. Mbuzi wakachomoka na kamba zao. Shangazi mmoja akatoka jikoni akipiga kelele "Moto! Moto!" na beseni la maji, akatumwagia mimi na mjumbe wa wageni. Msumeno ukazimika katikati ya gogo, ukanasa.

Musyoka akanusa tangi. "Nani aliongeza oili hapa?"

"Ni yule wa duka!" nikafoka. "Mimi nilimshuku kitambo!"

Wote wanaangalia shati langu jeupe la sherehe. Nikainamisha macho. Doa jekundu, kifuani mpaka kiunoni.

Wageni wakaingia kwa kuruka gogo, mmoja mmoja, wazee wakishikwa mkono, suti zikinasa matawini. Nikatamani ardhi inimeze.

Sasa, sisi Wakamba, mama mkwe hamkaribii mkwewe wa kiume hovyo. Ni heshima. Miaka yote ya ndoa yangu amekuwa akinituma kupitia mke wangu. Leo amekuja mwenyewe, akasimama mbele yangu.

"Baba Mwende," akasema, "usishike kitu kingine leo. Shika mbuzi."

Naandika nikiwa nimeshika kamba tatu nyuma ya ghala. Msicheke, tafadhali. Hata hawa mbuzi wananiangalia kama mtu wa kushukiwa.