Mkungu wa Mshare na Kiti cha Uwakili

Jumapili, 7 Septemba 2025

Mchungaji Gladys ametangaza leo kwamba mwenyekiti wa kamati ya uwakili, ile inayosimamia utoaji wa sadaka, anahamia Dodoma kwa mwanawe. Mrithi atatajwa baada ya Sikukuu ya Mavuno, tarehe 21. Anatakiwa mtu ambaye utoaji wake unaonekana usharikani na unajulikana nyumbani kwake. Niligeuka nyuma. Mabenchi sita yalikuwa yananitazama. Au yalitazama saa ya ukutani, iliyo juu yangu. Hata hivyo.

Mwenyekiti hukaa benchi la mbele. Hushika funguo za kabati la bahasha. Jina lake husomwa kila Jumapili. Nina miaka hamsini na nane na jina langu limesomwa kanisani mara moja tu, mbuzi wangu alipokula maua ya madhabahu.

Mpinzani ni mmoja: Ronald, jirani wa upande wa juu. Ana ng'ombe watatu wa maziwa na tabia mbaya ya kutoa bila kuombwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimezunguka kihamba chote, shamba letu la nyumbani, kutafuta sadaka ya mavuno. Kahawa yangu imekwisha kuuzwa kwa chama cha msingi cha wakulima. Fedha yake ni ya suti. Mwenyekiti hawezi kukaa mbele na koti lenye kiwiko wazi.

Zimebaki ndizi. Tatizo: huku kwetu kahawa ni ya baba, ndizi ni za mama. Baba haingii kwenye ndizi bila ruhusa. Si mila zote ninazoziunga mkono.

Nyuma ya banda kuna mkungu wa mshare, ndizi bora ya kupika, chane kumi na moja, umeegemezwa kwa nguzo mbili. Mke wangu Aikande anautunza tangu Juni. Binti yetu Kindness amejifungua mjini Moshi na anakuja tarehe 23 kulelewa hapa. Mkungu ni wa mtori wake, supu ya ndizi na nyama ya kumrudishia mzazi nguvu. Nimefikiri kwa haki pande zote. Mtori unapikika kwa ndizi yoyote. Kiti kiko kimoja.

Ijumaa, 12 Septemba

Sadaka za mavuno hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Zawadi ikipanda bei, aliyeitoa naye hupanda. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa kupandisha.

Nimempata Godlove, mtoto wa kaka yangu, bodaboda wa Mwika sokoni. Maelekezo ni rahisi. Kofia yangu ikiwa mkononi, ataje bei zaidi. Nikiivaa, anyamaze, mwingine anunue. Aliuliza kama si dhambi. Nikamweleza kuwa ni uwakili. Akaomba mafuta ya lita mbili. Nikampa ya moja.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekutana na Ronald njiani. Nilimuuliza, kama mtu asiyejali, atatoa nini. Akasema ndoo ya maziwa na mayai kidogo. Nilimhurumia kwa dhati.

Jumamosi, 20 Septemba

Aikande alikwenda sokoni saa mbili. Saa mbili na robo mkungu ulikuwa chini. Saa tatu ulikuwa stoo ya kanisa, umefunikwa majani makavu, jina langu juu yake. Aliporudi alikuwa amechoka, hakwenda nyuma ya banda. Mambo yananyooka yenyewe.

Jumapili, 21 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Ibada ilikwisha saa tano. Mnadishaji alikuwa Mzee Hosea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipokonya kofia. Alisema mayai ya Ronald yamekosa chombo. Akayapanga ndani ya kofia yangu, sita, na kuiweka mezani.

Mkungu ukatolewa. Watu wakaguna kwa heshima. Jina langu likasomwa. Hapo ndipo Aikande alipotoka katikati ya akina mama. Aliutazama mkungu, akautazama mkato, kisha akanitazama mimi.

"Baba Kindness," alisema taratibu, "huo ni wa mzazi."

Nilimnong'oneza Mzee Hosea kwamba pengine kuna kosa dogo, turudishe. Yeye hanong'oni.

"Kilichofika madhabahuni hakirudi kwa mlango," alisema. "Kinarudi kwa mnada. Naanza na elfu kumi!"

Aikande akasema kumi na tano. Godlove, toka kwenye pikipiki yake, akasema ishirini. Aikande, ishirini na tano. Nilimkonyeza Godlove. Akadhani namhimiza. Thelathini na tano. Nilitikisa kichwa. Nilikohoa. Kijana ana nidhamu: alitazama mkono wangu, akatazama kichwa changu, hakuona kofia kichwani, akaendelea.

Akina mama walianza kumchangia Aikande, huyu elfu mbili, yule elfu tano. Ronald naye akampelekea noti ya elfu kumi. Ana tabia hiyo, nilishaandika. Aikande akafika elfu themanini. Niliinyakua kofia mezani na kuivaa.

Mayai yalikuwa bado ndani.

Godlove hakuniona, kwa sababu wakati huo usharika mzima ulikuwa umesimama mbele yangu kunitazama. Akasema themanini na tano. Aikande hakuwa na zaidi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mzee Hosea akamwomba mnunuzi asogee na fedha. Godlove akageuza mifuko nje.

"Mangi, mimi nilitumwa," alimwambia Mzee Hosea. "Muulizeni baba mdogo. Mimi nilikuwa nafuata kofia tu."

Mchungaji Gladys akaniuliza kama ni kweli. Kiini cha yai kilikuwa kimefika kwenye nyusi. Niliona si wakati wa maelezo marefu. Nikatoa fedha ya suti, niliyokuwa nimeibeba nikampitie fundi baada ya ibada. Elfu themanini na tano za mkungu, na elfu sita za mayai. Ronald alisema yake niyachukue bure. Nikalipa, ili asipate sifa.

Aikande alirudisha michango ya watu, mmoja mmoja, akabeba mkungu kichwani mpaka nyumbani. Nilijitolea kumsaidia. Alisema nisiuguse.

Jumanne, 23 Septemba

Kindness amefika na mtoto, msichana, kilo tatu na nusu. Mtori ulikuwa mzito, na nyama ya mfupa, harufu yake ilifika barabarani. Niliambiwa bakuli langu liko dukani.

Aikande amezungumza nami leo mara ya kwanza tangu Jumapili. Alisema: "Ungeniomba, ningekupa mkungu mwingine. Ipo sita." Sikujua. Mwanamume haendi kuhesabu ndizi za mke wake.

Jumapili, 28 Septemba

Mchungaji ametangaza. Mwenyekiti wa kamati ya uwakili ni Aikande. Alisema mtu aliyekuwa tayari kununua mali yake mwenyewe kwa elfu themanini, bila kumwaibisha mumewe mbele ya watu, hahitaji semina ya utoaji. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, ionekane lilikuwa wazo langu. Amekaa benchi la mbele. Nafasi ya pembeni yake amepewa Mzee Hosea.

Nimetafakari kwa unyenyekevu na nimeliona kosa. Kosa lilikuwa kutumia ndizi.

Leo jioni jogoo mwekundu wa Ronald amevuka uzio, akalala kwetu. Nimemmwagia mahindi. Jogoo anayelala kwa mtu wiki mbili ni wa mtu huyo, hilo halina ubishi. Kwaya inachangisha fedha za spika, na inapokea kuku. Nimekwisha kumwandikisha kwa jina langu. Mnada ni Jumapili, tarehe 12 Oktoba, saa tano kamili.