Mke wa Duru ya Pili

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Habakuki, karani wa kambi, ametangaza asubuhi kwamba Memsabu wa utafiti anarudi Ijumaa. Ni yule yule wa mwaka 1949, aliyezunguka mashamba ya mkonge ya Korogwe na Handeni akiuliza nani kaoa, nani kazaa, nani humtunza nani. Safari hii anataka kuwaona watu wale wale. Anataka kujua miaka mitatu imezifanya nini familia zao.

Yangu haikufanywa kitu. Haipo. Mwaka ule nilimwambia nina mke na mabinti watatu. Nilikuwa nimechoka na laini ya makapera, wanaume sita chumba kimoja, na kwa jibu lile Habakuki akanipa nyumba ya familia. Vyumba viwili, baraza, mlango unaotazama milima ya Usambara. Mtu aliyeletwa huku mwaka 1916 kutoka Unyanyembe na mzigo wa jeshi kichwani, vita vikaisha vikamsahau hapa, anastahili angalau mlango wake mwenyewe.

Waliouliza mke yuko wapi niliwajibu yuko kwao, anamuuguza mama yake. Ameuguza miaka mitatu. Mwanamke mwenye subira sana.

Sasa Habakuki anasema nyumba itakayokutwa bila familia, mwenyewe atarudi kwa makapera jioni hiyo hiyo. Sina hofu. Mpango ninao.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamua mke afe. Ugonjwa mfupi, mazishi ya heshima, mume aliyebaki na huzuni yake na nyumba yake. Ni mpango safi, wenye staha.

Nikaanza na Gregori, mpiga kengele, Mnyamwezi mwenzangu, ambaye bado yuko laini ya makapera na huitazama baraza yangu kama paka anavyotazama samaki. Alinipa pole kwa macho makavu. Akauliza kaburi liko wapi. Akauliza matanga lini, maana watu wa kambi watataka kuchangia unga. Halafu akasema taratibu kwamba kwa sheria ya kambi mwanamume aliyefiwa na asiye na watoto nyumbani huhesabiwa kapera.

Nikamwambia habari bado hazijathibitishwa. Kabla ya saa sita mchana mke alikuwa amepata nafuu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata ushindi mkubwa. Nina mke.

Ni Mwaija, mjane wa Kizigua kutoka Kwaluguru, auzaye vitumbua langoni pa kambi. Wazigua na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hakatai shida ya mtani. Nilimweleza yote nikiwa nimechuchumaa mbele ya kikaango chake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya watu wote langoni kama wapagazi siku hizi wanaazima wake kama wanavyoazima jembe. Nikamjibu kwamba watu wa kwenu Handeni, kwa ukame ule, wangeshukuru kuazimwa. Akacheka mpaka mafuta yakaungua.

Amekubali bila kuomba malipo. Alipopita kwangu kuiona nyumba, aliondoka na kuku wangu mwekundu kwapani. Mtani haibi, huchukua, na anayenuna ndiye mwenye makosa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Nilimfundisha awe mpole, aseme machache, aniite Bwana Kasmiri. Mabinti wameolewa, wote wako mbali, wote wazima. Alinisikiliza kwa utulivu wa ajabu huku akimaliza ugali wangu. Aliondoka na sufuria.

Mwanafunzi mzuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika taratibu, nisipoteze hata chembe ya utamu wake.

Memsabu alikaa barazani. Mkalimani wake, Mwalimu Semboja kutoka Usambara, alinisomea majibu yangu ya zamani. Mke mmoja. Mabinti watatu: Hilaria, Rosa. Hapo akaniomba nimtajie wa tatu mwenyewe, ili wahakikishe.

Nilikuwa nimemsahau. Mtoto niliyemzaa mwenyewe kwa maneno, nikamsahau jina.

Mwaija akapiga makofi mara moja. Akamwambia Semboja, mwalimu umeona? Mwandikie Memsabu. Miaka yote hii, jina la kitindamimba halijui. Siku mtoto huyo anazaliwa, alikuwa wapi? Alikuwa amekaa na gazeti. Semboja, kwa aibu yangu, akalitaja jina mwenyewe, Anjelina, na Mwaija akatikisa kichwa, akasema huyo huyo, maskini wa watu, kafanana na baba yake, ndiyo maana alichelewa kuolewa.

Kila swali alijibu yeye. Nani anamtunza mzee akiugua? Akasema huyu akipata mafua huaga watu wote mpaka Segera. Mahari za mabinti nani alizipokea? Huyu, akazila peke yake, na vidole akalamba. Kwa nini mama aliishi kwao miaka mitatu? Hapo alinitazama, akasema: Memsabu, ungekaa na mwanamume anayekoroma kwa Kinyamwezi?

Gregori akatokea. Nilimwona anakuja akiharakisha, nikajua kwa nini. Akasema mbele ya wote kwamba mimi sina mke, huyu ni muuza vitumbua. Mwaija hakuinuka hata kwenye mkeka. Akasema, na huyu ndiye rafiki yake. Ndiye anayemfundisha kusema kwamba hana mke.

Memsabu aliandika mpaka akabadilisha karatasi. Semboja akanitafsiria kwamba katika duru zote mbili hawajapata ndoa iliyothibitishwa kwa ushahidi mwingi namna hii.

Nyumba ni yangu. Gregori alipiga kengele ya jioni vibaya sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Habakuki amesema nyumba ni yangu maadamu mke anakaa ndani, kwani Memsabu atarudi tena mwaka 1955.

Saa nne Mwaija amefika na mama yake, wajukuu watatu, mbuzi wawili na kikaango. Akasema amekuja kukaa kwa mume. Akachukua kitanda. Mama yake akachukua chumba cha pili. Nikitaka kulalamika nitakuwa nimenuna, na kununa kwa mtani ni fedheha. Nikisema ukweli kwa Habakuki, nitalala kwa makapera.

Nalala barazani. Hewa ni nzuri kuliko ndani. Nimeshinda.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi kanisani nikakuta uji umefunikwa kwa sahani. Mtu ameuweka akijua kwamba nitarudi. Nilikaa nao muda mrefu kabla ya kuunywa. Tangu Unyanyembe sikumbuki chakula kilichonisubiri.

Mwaija akauliza kwa nini natazama uji kama barua. Nikasema una chumvi nyingi. Akasema chumvi ni dawa ya wazee wanaokoroma. Mama yake akacheka ndani ya chumba changu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumba ya familia iliyo jirani imebaki wazi tangu jana. Waliokuwamo wamehamia Kerenge. Vyumba viwili, baraza pana. Ukweli ni kwamba hapa pamekuwa padogo.

Nimekwenda kwa Habakuki mapema, nikamweleza kwamba nina mke wa pili. Nilikuwa sijamtaja kwa sababu ya haya, na kwa sababu ya padre. Habakuki akaniuliza yuko wapi. Nikamjibu yuko kwao, anamuuguza mama yake.

Mwaija nimemwambia yote, na hakukasirika hata kidogo. Anasema mtu anaye: mdogo wake, mjane, watoto sita, na kwa kusema, Mwaija mwenyewe mbele yake ni bubu. Anaweza kufika kesho.

Nimemwambia amlete. Sijawahi kuwa na mpango safi kama huu.