Tumbo Gani Limechafua Kisima?

Jumatatu, 3 Machi
Kisima cha mtaa kimefungwa! Watoto wanaharisha nyumba hadi nyumba, na watu wa afya wamepiga kufuli. Uchaguzi wa kamati ya kisima ni Jumamosi. Mwenyekiti ni mimi, mwaka wa sita sasa, na sina cheo kingine duniani. Anayekimezea mate ni jirani yangu, Mama Bata, mfugaji wa bata arobaini. Bata! Sasa mkosaji tunamtafuta wa nini?

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu wa maabara kaja na kisanduku cha barafu. Anasema bakteria wa tumbo la bata si wa mbuzi, wala si wa mtu. Akiwapima kwenye maji, anajua uchafu umetoka tumbo gani. Jamani, elimu tamu! Nikapanda juu ya ndoo, nikapendekeza atakayebainika asishike cheo cha kamati maisha yake yote. Wakapiga makofi, Mama Bata naye eti. Nikaandika kwenye muhtasari, nikatia saini. Mke wangu akakohoa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Kumbe lazima walinganishe, kila nyumba itoe kichupa kutoka shimo lake la choo. Shimo langu! Fundi alisema lichimbwe hatua thelathini kutoka kisimani. Jua lilikuwa kali, nikaishia kumi na nne. Najua ni bata, lakini ya nini kuwapa watu la kusema? Nikamwambia mtaalamu asijisumbue, nitajaza mwenyewe. Nikajaza mavi ya mbuzi wa shemeji. Mbuzi kanipiga teke, suruali kwisha. Mke wangu anasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali, saa hizi!

Jumamosi, 8 Machi
Nimechoka na watu. Mtaalamu kasoma majibu mbele ya mtaa mzima. Kisimani hamna bata hata chembe. Ni mtu. Na vichupa vya nyumba zote vina bakteria wa watu, isipokuwa kimoja. Akanigeukia kwa upole.

"Mwenyekiti, samahani. Kwako choo anatumia nani, mbuzi?"

Walivyocheka! Wakaenda kumwaga rangi nyekundu shimoni kwangu. Kufikia alasiri maji ya kisima yalikuwa mekundu. Muhtasari ukasomwa, saini yangu ikaonyeshwa kila mtu. Mama Bata kapita bila kupingwa. Nilitaka kulia, nikajikaza kisabuni.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza, nimepata. Wamesema ni mtu. Hawakusema mtu gani! Mama mkwe alikaa kwetu wiki mbili nzima mwezi uliopita, na mama yule anakula. Mtaalamu anayeweza kumtenga mtu na bata, atashindwaje kunitenga mimi na mama mkwe? Rufaa nimeshaiandika. Kichupa ninacho, nimekiosha vizuri. Mke wangu sijamwambia. Mama mkwe anakuja kesho, imebaki kumwomba tu.